Ziara ya miguu ya dini za Malindi: kutoka nguzo ya Vasco da Gama hadi msikiti wa Juma

Jumamosi ya juma lililopita niliwapeleka vijana 11 wa darasa langu la kipaimara katika ziara ya miguu inayoendeshwa na waongozaji wawili wa hapa Malindi, pwani ya Kenya, mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, ambayo wenyewe wanaiita ziara ya dini za mji. Naandika tathmini hii kwa sababu nilipotafuta maelezo kabla ya kulipa sikuyapata, na kwa sababu naamini kwamba kila anayekusudia kuhubiri Injili katika mji huu, awe padri, mchungaji, katekista au kijana mwenye kipaza sauti, angefaa kuitembea njia hii kwanza.

Malipo ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 300 kwa mwanafunzi, mbali na tiketi ya makumbusho ambayo kila mtu hujilipia langoni. Nafasi huwekwa kwa simu, na nusu ya fedha hutumwa kwa M-Pesa siku tatu kabla. Ziara huanza saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika baada ya adhuhuri. Mwongozaji wa Kiislamu amesomesha chuoni miaka mingi, kwa hiyo vijana walimwita Maalim tangu mwanzo. Mwenzake ni katekista mstaafu, mama wa Kigiriama, naye tulimwita Mama tu. Wote wawili wanazungumza Kiswahili kilichotulia, hawapigi kelele, na kila mmoja hunyamaza mwenzake anaposema, jambo ambalo sikulizoea katika mikutano ya dini zetu.

Tulianzia kwenye rasi, penye nguzo ya Vasco da Gama, kabla jua halijawa kali. Vijana wangu wamezaliwa hapa na wote walikwisha kupiga picha pale, lakini hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba ile koni ya matumbawe ni ya kushikilia tu, na kwamba kitu chenyewe ni msalaba mdogo ulio juu yake, uliochongwa kwa jiwe la chokaa lililoletwa kutoka Ureno na wenye ngao ya mfalme wa Wareno. Maalim aliwaketisha kivulini, akawaeleza kwamba baharia Mreno Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498 baada ya kukosana na watu wa Mombasa, na kwamba Sultani wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi wake mwenyewe na Mombasa, alimpokea, akampa chakula na rubani wa kumvusha hadi India. Msalaba ulisimamishwa kwanza mjini, karibu na nyumba ya Sultani; watu wakanung'unika, ukaondolewa, na baadaye ndipo ulipowekwa huku pembeni mwa bahari. "Msalaba huu haukupanda wenyewe," alisema. "Yupo Mwislamu aliyesema, haya, simamisheni."

Hapo pana kosa moja ambalo waongozaji wanapaswa kulirekebisha. Maalim alimtaja rubani yule kuwa ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu. Ni kisa kinachopendwa sana pwani nzima, lakini wanahistoria wengi wa leo hawakikubali, na shajara ya safari yenyewe haimtaji. Maandishi ya Wareno yanaelekea kumfanya rubani kuwa mtu wa Gujarati. Nilimwambia faraghani, naye akalipokea vizuri.

Kisa kilichowashika vijana zaidi kimo katika shajara hiyohiyo, iliyoandikwa na mmoja wa waliosafiri na Vasco da Gama. Bandarini Malindi palikuwa na merikebu nne za Wahindi. Wareno hawakujua dini ya Kihindu ni kitu gani, na waliamini kwamba watu hao ni Wakristo. Walipowaonyesha picha ya altare yenye Bikira Maria chini ya msalaba, amempakata Yesu, Wahindi wale walisujudu, na kwa siku zote ambazo Wareno walikaa pale wakawa wanakuja kusali mbele ya picha hiyo, wakileta karafuu, pilipili manga na vitu vingine. Wakawaambia hata kwamba wao hawali nyama ya ng'ombe, na Wareno wakaendelea kuwaita Wakristo. Mama aliwauliza vijana ni nani kati ya hao aliyekuwa amemwelewa mwenzake. Kimya kilikuwa kirefu, kisha kijana mmoja, ambaye kwa kawaida huja darasani kwa sababu ya mamaye, akasema, "Hakuna. Lakini hawakupigana."

Ningelipa shilingi 600 kwa swali hilo peke yake. Katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kuona darasa likifahamu kwa haraka namna hiyo kwamba mtu anaweza kusali kando yako, mbele ya picha ileile, na moyo wake ukawa uko mahali ambapo wewe hujapata kufika, na kwamba kabla ya kumwambia lolote unadaiwa kwanza kumwuliza.

Kanisa dogo la Wareno liko mwendo mfupi kutoka hapo, ndani ya ua wenye makaburi, kuta nyeupe na paa la makuti. Linahesabiwa miongoni mwa majengo ya kale zaidi ya Kikristo Afrika Mashariki, na watu 14 mkiingia mnabanana. Binti mmoja alimwuliza Maalim kama yeye huingia kanisani. Alijibu, "Naingia kama mgeni, mwanangu, na ninakaa pale mwenyeji anaponikalisha." Kisha akavua kofia ya jua aliyokuwa amevaa juu ya ile ya kiua, akaketi kwenye benchi la nyuma, na kumwachia Mama nafasi ya kuzungumza.

Mtakatifu Francis Xavier, mmisionari Mjesuiti, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na katika barua aliyoiandika kutoka Goa mwezi wa Septemba mwaka huo anaeleza yaliyomkuta hapa. Alimzika msafiri mwenzake aliyefia merikebuni, na Waislamu walioshuhudia wakapendezwa na namna Wakristo wanavyowazika wafu wao. Kisha mkubwa mmoja wa mji akamwuliza kama huko kwao watu bado wanakwenda makanisani na kusali kwa bidii, kwa sababu hapa ibada ilikuwa imepoa: misikiti ilikuwa 17, na iliyokuwa na watu ni 3 tu, tena watu wachache. Mzee huyo alidhani kwamba jambo hilo limesababishwa na dhambi fulani kubwa, na alitaka kujua kama Wakristo nao wamepatwa na msiba huohuo.

Mama alisoma sehemu hiyo polepole, halafu akasoma na jibu. Xavier alimwambia kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, na ndiyo maana ameacha ibada yao ipungue. Mzee hakuridhika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nimemwomba mtakatifu huyu maombezi tangu utotoni na sitaacha, kwa sababu alikwenda mbali, alijinyima, na alikufa akimtafutia Kristo watu. Hata hivyo niliposikia jibu lake ndani ya kanisa lile, huku Maalim ameketi nyuma yetu mikono magotini, niliona haya, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mtu alimletea mgeni kidonda chake, jambo ambalo binadamu hamletei kila mtu, na badala ya kuambiwa, "Hata sisi, ndugu yangu, yapo makanisa yetu yanayokauka," akapewa hukumu. Maziko yalikuwa yamefungua mlango, jibu likaufunga. Katika barua moja ya mmisionari mmoja mnazo njia zote mbili za kuishuhudia Injili mbele ya watu wa dini nyingine, na kitu cha kwanza kilichowagusa Waislamu wa Malindi kilikuwa heshima aliyopewa maiti.

Kutoka kanisani hadi mji wa kale tulitembea kwenye jua lililokwisha kuwa kali, na sehemu hii inachosha. Nawashauri waongozaji wakodi tuktuk mbili. Njiani Mama alizungumza juu ya dini ya wazee wake, makaya, yaani misitu mitakatifu ya mababu, koma, yaani roho za wafu, na vigango vinavyochongwa kwa ajili yao, na akawakumbusha vijana wa Kigiriama kwamba jina Mulungu lilikuwa midomoni mwa mababu zao kabla mmisionari yeyote hajafika. Alizungumza kwa dakika kumi tu, nazo hazitoshi. Makaya ya Mijikenda yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, nusu ya darasa langu wana nyanya wanaotambika, na ziara inayojiita ya dini za mji haiwezi kuipa dini iliyo kongwe kuliko zote nafasi ya barabarani, watu wakitafuta kivuli.

Tulifika msikiti wa Juma, penye makaburi ya nguzo, dakika chache kabla ya adhana ya adhuhuri. Mabinti walikuwa wameambiwa mapema waje na mitandio, na wote walitii. Tuliketi barazani ng'ambo ya njia wakati Maalim alipokwenda kutia udhu na kusali. Hatukuingia, wala hatukuombwa kuingia, na nadhani uamuzi huo ni wa busara: kuna adabu ya kukaa nje ya sala ya mwenzako. Vijana, ambao bado walikuwa na hesabu ya 17 na 3 vichwani, walianza kunong'onezana wakihesabu viatu mlangoni. Walifika jozi 43. Maalim alipotoka aliwauliza, "Mmehesabu?" Wakainamisha nyuso. Hakukasirika. Alitulia kidogo, kisha akawauliza swali lilelile la mwaka 1542: "Na kwenu, vijana wanakuja?" Hakuna aliyejibu. Naye akasema, "Msinijibu leo. Kaulizaneni kwanza."

Chakula kimo ndani ya malipo: mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, katika mgahawa mdogo ambao waongozaji wamezoeana na wenyewe. Mahamri yalikuwa yamepoa, lakini mbaazi zilikuwa nzuri mno. Hapo ndipo Maalim aliwapa vijana kazi ya mwisho. Aliwaambia wasali sala zao za kila siku kwa sauti, naye ainue kidole kila atakaposikia neno lililoingia Kiswahilini kutoka Kiarabu. Wakaanza: "Salamu Maria, umejaa neema." Kidole kikainuka kwenye salamu, kikainuka tena kwenye neema. Wakajaribu Kanuni ya Imani, na neno la kwanza kabisa, nasadiki, likainua kidole. Hata imani yenyewe ikakiinua. Yule kijana wa pale kwenye nguzo aliacha kutafuna. Imani, toba, sala, dhambi, malaika, baraka, Injili: watangulizi wetu hawakuja na maneno haya kwenye masanduku. Waliyakuta vinywani mwa Waislamu, wakaazima, na hadi leo tunamwomba Mungu kwa maneno ya kuazima ambayo wenyewe hawajatudai.

Mama akaongeza habari za Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, ambaye mwaka 1844 alifika Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said, mtawala Mwislamu, iliyomtaja kuwa mtu mwema anayetaka kuuongoza ulimwengu kwa Mungu, na kuwataka watu wake wamtendee wema. Miezi michache baadaye mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walikufa. Katika mwaka huohuo wa msiba Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye kumsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Kila Mkristo anayesoma "Hapo mwanzo" kwa Kiswahili angepaswa kukijua kisa hiki, na mimi, katekista, nimekaribia miaka hamsini nikikisikia kwa mara ya kwanza mbele ya sahani ya mbaazi.

Kijana mmoja, ambaye siku za soko huhubiri na kikundi chake kwa kipaza sauti, aliuliza kwa uchungu, "Kwa hiyo tusihubiri?" Nilishukuru kwamba ameuliza, maana hilo ndilo swali lililonileta. Mama alimjibu bila kusitasita kwamba Bwana ameagiza na agizo halijafutwa. Maalim naye akasema kwamba yeye anatamani wote waujue Uislamu, na akisema hatamani atakuwa mwongo. Nilipenda ukweli huo. Mara nyingi mazungumzo ya dini hupozwa kwa kujifanya kwamba hakuna mwenye hamu ya kumvuta mwenzake, na vijana huunusa uongo huo mara moja. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 32, inampa kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake kwa ibada, kutenda na kufundisha. Haki hiyo anayo kijana wangu na kipaza sauti chake. Kinachobaki ni namna, na juu ya namna hiyo Mama alitoa mkobani karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa muhtasari wa mwongozo wa mwenendo uliotolewa mwezi wa Juni mwaka 2011 na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano kati ya Dini, na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni, vyombo ambavyo kwa pamoja vinawakilisha sehemu kubwa mno ya Wakristo wa dunia na ambavyo si kawaida kuvikuta katika karatasi moja. Mwongozo una kanuni 12 na mapendekezo 6. Unasema kwamba kuitangaza imani ni wajibu wa Mkristo, halafu unakataa kwa nguvu njia za hila, za kushurutisha, na za kuutumia umaskini wa mtu ili kumvuta. Unakataza pia kumshuhudia jirani uongo kwa kuisema dini yake visivyo. Kijana alipewa asome kwa sauti sehemu ya umaskini, naye alifika katikati akaniangalia. Sote wawili tunajua mtaa ambao unga umewahi kugawiwa kwa masharti, na sitautaja.

Nina malalamiko makubwa mawili. La kwanza ni la kijitabu chenye kurasa nane anachopewa kila mtu. Karatasi ni nzuri, lakini mwaka wa Xavier umechapwa 1524, miaka kumi na minane kabla ya safari yenyewe, na ramani inaliweka kanisa la Wareno upande usio wake. Kwa wanafunzi hilo halisameheki.

La pili ni zito. Ziara nzima inakaa kwenye ukarimu, na ukarimu ulikuwepo kweli, lakini damu imerukwa. Haisemwi kwamba mwaka 1505 Wareno waliipora na kuichoma Mombasa, wala kwamba urafiki wa Malindi nao ulikuwa pia silaha dhidi ya jirani. Haitajwi kwamba baada ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, nyumba ya kifalme ya Malindi ilihamia Mombasa chini ya Wareno haohao. Na hakumbukwi Yusuf bin Hassan, mtoto wa nyumba hiyo, ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, akapelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akalelewa na watawa Waagostino, akarudishwa kuwa mfalme, na mwezi wa Agosti mwaka 1631 akaitwaa Ngome, akarudi katika Uislamu, na kuwaua Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa ambao walikataa kuikana imani yao. Mtoto huyu ndiye somo lote la umisionari uliofungamana na dola: ubatizo aliopewa yatima na mikono iliyofanana na ile iliyomuua baba yake. Tunao wafiadini wa siku zile na tunawaheshimu. Tunadaiwa pia kuuheshimu ukweli wa mtoto yule.

Nilimweleza Maalim hayo tulipokuwa tukisubiri chenji. Alikiri kwamba wamewahi kuligusia jambo hilo wakaliacha, kwa sababu kila upande una wafu wake, na vijana wanaoletwa ni wa miaka kumi na mitano. Naiheshimu huruma yake, lakini sikubaliani nayo. Vijana hawa wa Malindi walikuwa hapa mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, na mochari ya hospitali yetu ikajaa. Wanajua tayari kwamba Biblia ikishikwa na mkono mbaya huua. Mmoja wao alimwuliza Maalim siku hiyohiyo, kwa sauti ya chini, kama Waislamu walitucheka wakati ule. Maalim alimshika bega akamwambia, "Maiti hachekwi, mwanangu. Tulilia nanyi." Anayeweza kulijibu swali hilo kwa namna ile anaweza pia kusimulia ya mwaka 1631.

Natoa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nitaiongeza wakirekebisha kijitabu, wakiipa dini ya Mijikenda kituo chake chenye kivuli, na wakilisema lile ambalo halijasemwa. Anayetaka kwenda asipange siku ya Ijumaa, wala mwezi wa Ramadhani isipokuwa akubali ziara isiyo na chakula. Kundi lisizidi watu kumi. Sisi tulikuwa wengi na walio nyuma walipitwa na maneno. Maji na kofia ni lazima, na wasichana wachukue mitandio.

Jibu la swali la Maalim vijana walilijadili kwa masomo mawili mfululizo na kuliandika wenyewe, na Jumatano nililipeleka kwake kwa mkono wangu. Ni ukurasa mmoja. Linaanza kwa kumwuliza hali yake na ya watu wa nyumbani, kisha linasema kwamba Jumapili iliyopita, katika misa ya pili, walihesabu vijana 19.